Kabla hujauza gunia la magome, soma hapa



Wiki iliyopita, saa tatu usiku, kijana mmoja wa tarafa yetu alinipigia simu. Ana ekari sita za machungwa, na juu ya mlima ana kipande cha msitu wa asili alichoachiwa na babu yake. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia kwenye hoja. "Afisa, kuna mnunuzi anataka magome ya ule mti wa kule juu. Anatoa shilingi 1,500 kwa kilo na anachukua tani nzima. Anasema yanaenda nje kutafutwa dawa ya kansa kwenye fangasi wa ndani ya mti. Niuze?"

Jina la mti sitalitaja hapa, nisije nikamwamsha aliyelala. Na sitajifanya kwamba ile hela ni ndogo. Tani moja kwa bei hiyo ni milioni moja na nusu, na huyu kijana ana rejesho la mkopo SACCOS tarehe 30. Nilimwambia anipe siku mbili. Hili ndilo jibu langu, nimeliandika kwa urefu kwa sababu najua mnunuzi yule hataishia kwake.

Kwa kifupi: usiuze. Sababu zangu zinaanzia kwenye huyo huyo fangasi aliyetajwa.

Sisi mashambani tukisikia neno fangasi tunakimbilia bomba la kupulizia. Bakajani, kutu ya majani, ubwiri unga, mnyauko, yote hayo tunayaweka kwenye kapu moja la adui. Lakini chukua jani lolote zima, la mwembe au la mti wa porini, lisilo na doa hata moja. Ndani yake, katikati ya seli, wanaishi fangasi. Hawaoneshi ugonjwa. Mimea karibu yote iliyowahi kuchunguzwa imekutwa nao. Mimi huwaita wapangaji. Wanapata chakula na mahali pa kukaa, na baadhi yao wanalipa kodi kwa kutengeneza kemikali zinazofukuza wadudu au vimelea wengine. Kemikali hizo ndizo zinazowavuta watafiti wa saratani, kwa kuwa sumu inayoweza kuzuia seli ya adui isigawanyike inaweza pia kuizuia seli ya uvimbe.

Kazi ya kuwatafuta wapangaji hawa niliiona kwa macho yangu nikiwa chuoni, na ningependa kila kijana mwenye msitu aielewe. Jani linaoshwa kwa maji. Linatumbukizwa kwenye spiriti ya asilimia 70, kisha kwenye dawa ya klorini, ile ile ya kung'arisha mashuka meupe, halafu linasuuzwa kwa maji safi yaliyochemshwa. Lengo ni kuua kila kilichoko juu ya jani bila kuua kilichomo ndani. Ili kuhakikisha, linagandamizwa kwenye sahani yenye chakula cha fangasi na kuondolewa. Kikiota kitu hapo, usafishaji haukufaulu na unarudia mwanzo. Likishapita, linakatwa vipande vidogo kama kucha ya mtoto na kupangwa kwenye sahani nyingine. Chakula chenyewe ni mchuzi wa viazi na sukari uliogandishwa. Baada ya siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili au tatu, pamba nyeupe, ya kijivu au ya waridi inaanza kuchomoza kwenye kingo zilizokatwa. Huyo ndiye mpangaji. Kila mmoja anahamishiwa kwenye sahani yake, anakuzwa kwenye chupa, na maji yake yanachujwa ili kutoa viambata vinavyojaribiwa juu ya seli za saratani zinazokuzwa maabara.

Sasa jiulize swali la kikulima kabisa. Kazi yote hiyo inahitaji kilo ngapi? Inahitaji majani machache. Kiganja kimoja cha majani mabichi au vijiti vichanga, kwenye mfuko safi, vifike maabara haraka na vikiwa vya ubaridi. Jani likikauka juani wapangaji wengi wanakufa, na wale wa nje wanaingia. Kwa hiyo mtu anayekwambia anatafuta fangasi wa dawa halafu anataka tani moja ya magome makavu, ama hajui kazi yake au anajua sana. Tani moja ya magome ni biashara ya magome tu, na anayeifanya aiite hivyo na alipe kwa hesabu hiyo.

Mtu atasema, mbona zamani walichukua tani na dawa zikapatikana? Ni kweli, na tuna mfano karibu na kwetu. Ng'ambo ya mpaka tu, Kwale, kwenye vilima vya Shimba Hills nchini Kenya, miaka ya 1970 zilivunwa zaidi ya tani 27 za kichaka kiitwacho Maytenus buchananii kwa ajili ya utafiti wa saratani wa serikali ya Marekani. Kiambata walichokuwa wanakifuata, maitansini, kilikuwa kimetangazwa mwaka 1972 na kundi la mkemia Morris Kupchan. Waliporudi miaka minne baadaye kutafuta shehena nyingine, kichaka kilikuwa hakijachipua vya kutosha, na wakusanyaji walihangaika kuupata mzigo.

Nini kiliendelea? Kwa wagonjwa, maitansini ilionekana kali mno, ikawekwa kando. Wakati huo huo, mwaka 1977, watafiti wa Japani waliripoti kwamba kuna bakteria, aliyetolewa kwenye majani ya aina ya nyasi, anayetengeneza viambata vya ukoo ule ule. Yaani kile tulichodhani ni mali ya kichaka, kiumbe asiyeonekana kwa macho anakipika mwenyewe. Watafiti wa baadaye walipochunguza mimea ya ukoo wa Maytenus walianza kuona kwamba bakteria wa ndani ya mizizi wana mkono kwenye kazi hiyo. (Huyu ni bakteria, si fangasi, lakini ni mpangaji vilevile.) Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya matiti ambayo ndani yake kuna kiambata cha ukoo wa maitansini, kilichofungwa kwenye kingamwili ili kifike kwenye seli ya saratani bila kumuumiza sana mgonjwa. Inafanya kazi. Inatokana na bakteria wanaokuzwa kwenye matangi. Haihitaji hata jani moja kutoka Shimba Hills.

Nimekaa sana na hadithi hii. Tani 27 ziliondoka, na thamani ilipokuja kupatikana haikuwa kwenye zile tani.

Mfano wa pili ni maarufu zaidi duniani, na ndio unaotajwa na kila tapeli. Mwaka 1962 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Arthur Barclay, alikusanya magome ya mti unaokua polepole sana huko jimbo la Washington, Taxus brevifolia. Monroe Wall na Mansukh Wani wakapata ndani yake kiambata cha taksoli, na umbo lake wakalichapisha mwaka 1971. Susan Horwitz akaonesha mwaka 1979 jinsi inavyofanya kazi: inakaza zile nyuzi ndogo ambazo seli huzitumia kugawanyika, seli inakwama katikati. Mwaka 1992 ikaidhinishwa kwa saratani ya ovari, na leo ni dawa ya kawaida hospitalini. Tatizo lilikuwa magome. Kilo moja ya dawa ilidai takriban tani 10 za magome, yaani miti elfu kadhaa, na mti ukivuliwa gome lote unakufa.

Hapo ndipo fangasi akaingia. Mwaka 1993 Andrea na Donald Stierle pamoja na Gary Strobel walitangaza kwamba ndani ya gome la mti huo, huko Montana, wamempata fangasi anayetengeneza taksoli mwenyewe. Wakamwita Taxomyces andreanae, kwa jina la Andrea. Hebu fikiri furaha iliyokuwepo! Usikate mti tena, kuza fangasi tu kama unavyochachusha togwa.

Lakini tufanye hesabu, maana mkulima wa biashara haendi kwa furaha. Kiasi walichokipata kilikuwa nanogramu 24 hadi 50 kwa lita. Nanogramu milioni moja ndiyo inafanya miligramu moja. Dozi moja ya mtu mzima ni kama miligramu 300. Hata tukichukua ile 50, dozi moja ya mgonjwa mmoja ingehitaji lita milioni 6. Ukiwa na tangi la plastiki la lita 5,000, hayo ni matangi 1,200. Na mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani waliomrudia fangasi huyo na wenzake hawakuona ushahidi kwamba wana mtambo wao kamili wa kutengeneza taksoli. Ubishi bado upo. Taksoli ya leo inatoka kwenye majani ya miti iliyopandwa, ambayo hukatwa na kuchipua tena, kisha inamaliziwa kiwandani. Au kwenye seli za mti zinazokuzwa kwenye matangi.

Je, ina maana utafutaji huu ni kazi bure? Mimi nasema hapana. Penisilini nayo ilianza kwa viwango vya kuchekesha. Mwaka 1943, sokoni Peoria huko Illinois, likapatikana tikiti lililoota ukungu, na ukungu ule ukawa mzazi wa aina zinazozalisha penisilini viwandani baada ya kuboreshwa hatua kwa hatua. Tunda lililooza, jamani.

Ila kuna jambo ambalo hesabu ya matangi haionyeshi, na ndilo lililonifanya niandike. Nchini China kuna mti uitwao Camptotheca, unaotoa kiambata kingine kilichozaa dawa za saratani. Watafiti walimpata ndani yake fangasi wa jamii ya Fusarium, binamu wa yule anayetuletea mnyauko kwenye nyanya, naye akitengeneza kiambata kile kile. Wakamkuza maabara. Kadiri alivyohamishwa kutoka sahani hadi sahani, kizazi baada ya kizazi, uwezo wake ukapungua hadi ukaisha. Walipochimba wakaona fangasi yule hakuwa na kimeng'enya kimoja muhimu. Alikuwa anaazima cha mti. Mpangaji alikuwa anapikia kwenye sufuria ya mwenye nyumba.

Na mti wenyewe una hamu gani na haya yote? Watafiti wa Kanada walionesha mwaka 2015 kwamba kwenye miti ya jamii ile ya taksoli, fangasi wa ndani hujikusanya pale gome linapopasuka matawi yanapochipua, sehemu ambazo vimelea vya kuozesha mbao hupenyea, na kumwaga taksoli hapo kama mtu anayeziba nyufa. Kwa lugha yetu ya ugani, dawa ya saratani ni dawa ya ukungu. Mti ulishaweka mpulizaji wake ndani kwa ndani.

Unaona sasa kwa nini nakataa gunia? Fangasi akitoka kwenye mti anaweza kusahau kazi. Mti wa mlimani unaweza kuwa na wapangaji tofauti na mti wa aina hiyo hiyo ulioko bondeni; wa kivulini na wa juani hivyo hivyo, wa kiangazi na wa masika pia. Chenye thamani ni mti uliosimama, mahali pake, na wote waliomo. Ukiuvua gome kuzunguka shina umekata njia inayopeleka chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini, mti utakufa polepole, na wapangaji watakufa nao kabla hakuna aliyewahi kuwahesabu.

Hapa niseme na wale wanaofungasha unga wa majani, maana najua mnanisoma. Utofauti huu ndio unaoua biashara yenu ya "dawa ya kansa". Pakiti ya leo na ya mwezi ujao, hata kama mti ni mmoja, hazina uhakika wa kuwa na kitu kilekile kwa kiasi kilekile. Kitu kuua seli za saratani kwenye sahani si ajabu, hata ile klorini ya mashuka inaziua. Jirani yangu mmoja aliacha kliniki akawa anakunywa maji ya majani ya mstafeli kwa miezi saba, uvimbe ukiwa titini. Aliporudi hospitali ulikuwa umeshasambaa. Aliyemuuzia ni kijana mwema, mteja wangu wa miche, na aliamini kabisa anachokiuza. Uza stafeli. Uza juisi yake. Usiandike neno kansa kwenye pakiti.

Na wale wanaoniuliza kama wapande "miti ya dawa" ekari nzima kwa sababu ya habari hizi, waulizeni waliopanda pakanga ya dawa ya malaria. Bei ilipaa katikati ya miaka ya 2000, watu wakapanda kwa fujo Afrika Mashariki, na kufikia 2007 soko lilikuwa limeshajaa na bei chini. Baadaye kiwanda kikaanza kutumia hamira iliyobadilishwa vinasaba kutengeneza kiambata kile. Kuna mmea mmoja unaonipinga, nikiri. Ni yule wa maua ya waridi au meupe yenye petali tano, asili yake Madagaska, anayeota mpaka kwenye nyufa za saruji Tanga mjini. Dawa mbili za saratani, mojawapo ikitumika kutibu watoto wenye saratani ya damu, bado zinategemea majani yake yanayolimwa. Kwa hiyo shamba linaweza kubaki kwenye mnyororo, ila anayelima awe na mkataba wa mnunuzi mkononi kabla ya kununua mbegu.

Sasa niseme kosa langu. Mwaka wangu wa pili kazini alikuja mgeni, mtu mpole, ana barua yenye mhuri ambayo sikuisoma yote. Alitaka majani na mizizi ya vichaka vya mlimani. Mimi ndiye niliyempeleka. Nilimtafutia vijana wawili wa kubeba, alinipa elfu ishirini ya soda, tukaagana vizuri. Sikuandika jina lake wala taasisi yake. Sikuandika alichukua mimea gani, kwenye shamba la nani, tarehe gani. Miaka kadhaa baadaye mwenyekiti wa kijiji aliniuliza, "Yule mgeni wako alipata nini?" Sikuwa na jibu, na hakuna njia ya kulipata. Kama kuna sahani mahali fulani ina mpangaji wa mlima wetu, sisi hatuna hata karatasi ya kusema alitoka kwetu.

Dunia imeshaandika sheria juu ya hili. Itifaki ya Nagoya ilipitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014: anayetaka rasilimali za kijenetiki apate ridhaa kabla, na makubaliano ya mgawo yaandikwe. Kwetu mtafiti anatakiwa awe na kibali cha COSTECH, na mazao ya misitu yana vibali vyake TFS. Mimi naongeza sharti langu ambalo sioni watu wakilisemea. Karatasi ikiandikwa "majani ya mti fulani" tu, umetoa jani, na kesho mtu atakwambia fangasi si jani. Ihakikishe inasema: majani pamoja na viumbe vyote vilivyomo ndani yake na chochote kitakachotokana navyo. Mstari mmoja tu. Mtafiti wa kweli hataukataa, nimeshakutana na wawili walioupokea bila kununa. Halafu baki na nakala, piga picha ya mti, chukua alama za GPS kwa simu yako, na uandike tarehe na hali ya mvua.

Wapo watakaosema afisa anatufundisha kukaa na njaa juu ya hazina. Kijana mwenyewe aliniambia, "Mti haulipi ada." Sina jibu tamu la hilo. Uwezekano wa msitu wake kutoa dawa ni mdogo sana, sitamdanganya, na hata ikitokea itachukua miaka kumi au zaidi. Lakini ninachoweza kukihesabu ni hiki: magome atayauza mara moja, wakati mizinga anayoitundika kule juu inavunwa kila mwaka, na chemchemi inayomwagilia machungwa yake inatoka chini ya miti hiyo hiyo.

Nilimpa maswali matatu ampelekee mnunuzi. Kiambata unachokitafuta kinaitwaje? Kwa nini unataka makavu na si mabichi? Kibali chako kiko wapi? Juzi alinitumia ujumbe: "Nimemuuliza, amesema yuko barabarani atanipigia." Mpaka naandika hapa hajapiga. Jumamosi nakwenda kwake tuangalie machungwa ya mteremko wa chini yaliyokwisha kukomaa, tuone kama yanaweza kutoka kabla ya tarehe 30.